Kutunga kwa Shanga za Wengine

Kiswahili kina vitenzi kadhaa vya kutaja kazi ya akili inayoleta kitu kipya duniani, na kila kitenzi kimebeba hukumu yake. Kuumba ni kwa Mwenyezi Mungu kwanza. Mfinyanzi naye huumba chungu, lakini udongo hakuuleta yeye. Kubuni kuna nyuso mbili: anayebuni chombo husifiwa, anayebuni ushahidi hufungwa. Kutunga ndilo neno la washairi, nalo ndilo lenye fundisho kubwa zaidi. Mtunzi wa shairi hutumia kitenzi kile kile cha mwanamke anayetunga shanga, cha anayetunga asumini kwa ajili ya harusi, na cha mvuvi anayepitisha kamba katika matamvua ya samaki akapata mtungo. Hakuna hata mmoja kati yao aliyeziumba shanga, maua au samaki. Kilicho chao ni uteuzi, mpangilio na uzi. Na kitenzi hicho hicho ndicho kinachosema kwamba mimba imetungwa, kana kwamba lugha ilikwisha kuamua zamani kuwa hata uhai mpya huanza kwa kukutanisha vilivyokuwapo.

Ikiwa hivyo ndivyo, kuiga kunakuwaje aibu? Mtunzi na mwizi watatofautishwa vipi, iwapo wote wawili wameshika shanga za watu wengine? Swali hili ni la kale, lakini kwa watu wa Afrika Mashariki limepata mji wake katika kizazi hiki. Mji huo ni Guangzhou.

Guangzhou si mgeni kwa watu wa Bahari ya Hindi. Waandishi wa Kiarabu wa karne ya 9 waliutaja kwa jina la Khanfu. Wazungu wakaja kuuita Canton. Msikiti wa Huaisheng, wenye mnara mrefu mweupe, ni miongoni mwa misikiti mikongwe zaidi ya China. Tangu mwaka 1957 mji huo umekuwa mwenyeji wa maonyesho makubwa ya bidhaa za kuuzwa nje. Kuanzia miaka ya mwisho ya 1990, wafanyabiashara kutoka pande nyingi za Afrika walianza kukusanyika katika mitaa ya Xiaobei na Sanyuanli, na jengo la Tianxiu likawa maarufu kwao kama lilivyo soko la Kariakoo kwa watu wa Dar es Salaam. Miongoni mwao walikuwamo Watanzania, Wakenya na Wakongo. Wengi walikuja kwa majuma machache; wachache walikaa miaka, wakajifunza Kichina, wakawa madalali na wakalimani wa wenzao.

Kitu muhimu kuliko vyote katika biashara hiyo ni sampuli. Mfanyabiashara hufungua mfuko akatoa kipande cha kitambaa, kiatu kimoja, au picha ndani ya simu, kisha huuliza: mnaweza kutengeneza kama hiki? Huuliza pia: mnaweza kukifanya chepesi zaidi ili bei ishuke, pindo liwe jekundu badala ya buluu, maua yawe makubwa zaidi? Mafundi hupanga rangi, hutoa mfano wa kwanza, hurekebisha. Baadaye kontena huteremshwa Mombasa au Dar es Salaam, na kitambaa humfikia mnunuzi ambaye hajui kimepitia mikono mingapi. Katika mnyororo huo, nani mbunifu? Ni aliyechora ua la kwanza, ambaye huenda hajui hata kwamba sampuli ya kazi yake ilisafiri? Ni mfanyabiashara aliyejua kwamba wateja wa mwaka huo watapenda pindo jekundu? Ni fundi aliyegundua namna ya kuipata rangi hiyo kwa gharama ndogo? Na je, yumo mwizi kati yao?

Sayansi ya ubunifu haijakaa kimya mbele ya maswali ya namna hii, ingawa iliyafikia kwa kuchelewa. Mwaka 1950 mwanasaikolojia J. P. Guilford, katika hotuba yake akiwa rais wa chama cha wanasaikolojia wa Marekani, aliwalaumu wenzake kwa kuuacha ubunifu pembeni huku wakipima akili kwa maswali yenye jibu moja sahihi. Yeye na waliomfuata walitunga majaribio yanayotaka majibu mengi. Lililo maarufu zaidi humtaka mtu ataje matumizi yote anayoweza kuyawazia ya kitu cha kawaida, kwa mfano tofali. Asemaye kwamba tofali hujengea nyumba ametoa jibu la kila mtu. Asemaye kwamba linaweza kusagwa likatoa unga wa rangi ametoka nje ya njia iliyozoeleka. Tangu wakati huo, watafiti wengi wameridhika na maelezo yenye sharti mbili: kitu huitwa cha kibunifu kikiwa kipya, na kikiwa kinafaa kwa jambo lililokusudiwa. Upya bila kufaa ni kituko, na kufaa bila upya ni mazoea.

Kwa kipimo hicho, pwani ya Waswahili ilifaulu jaribio la Guilford karne kadhaa kabla halijatungwa. Mabakuli na sahani za kauri kutoka China zilivuka bahari kuja kuwa vyombo vya chakula. Wajenzi wa pwani walizipachika katika kuta na katika makaburi ya mnara, kama yale ya Kunduchi na Mambrui, zikawa macho ya rangi juu ya chokaa na mawe ya matumbawe. Lamu, mafundi walichonga vidaka ukutani, safu juu ya safu, na vyombo vya kauri vikapata mahali pa kutazamwa. Mfinyanzi wa China aliyeumba bakuli hakuwaza kaburi. Mjenzi wa Kunduchi hakufinyanga bakuli. Kilichozaliwa kati yao hakikuwa cha mmoja wao peke yake, wala hakuna mtu leo anayemwita mjenzi yule mwigaji kwa sababu alitumia kitu kilichotengenezwa na mwingine.

Mwanafalsafa Margaret Boden, katika kitabu alichokitoa mwaka 1990, alipambanua aina mbili za upya. Kuna wazo lililo jipya kwa aliyelipata, hata kama maelfu walikwisha kulipata kabla yake, na kuna wazo lililo jipya katika historia nzima ya wanadamu. Katika akili ya mtu, aina hizo mbili huzaliwa kwa njia ile ile. Kinachozitenganisha ni tarehe. Mihaly Csikszentmihalyi alisogea mbele zaidi akasema kwamba tusiulize ubunifu ni nini kabla ya kuuliza uko wapi. Kwa maelezo yake haumo kichwani mwa mtu peke yake. Umo katika kukutana kwa pande tatu: mtu anayeleta badiliko, hazina ya maarifa na kanuni anayoibadilisha, na kundi la watu wenye mamlaka ya kukubali kwamba badiliko hilo linastahili kuingizwa katika hazina. Mhariri, mwalimu, mnunuzi wa picha, mwenye kiwanda na hakimu wa mashindano wote ni walinzi wa mlango.

Nadharia hii ina matokeo ya kimaadili ambayo haiyasemi waziwazi. Ikiwa kuitwa mbunifu kunategemea walinzi wa mlango, basi yuko atakayeitwa mwigaji si kwa sababu ya alichokifanya, bali kwa sababu ya mahali alipokuwa amesimama alipokifanya. Guangzhou inatoa ushahidi wa jambo hilo kwa jina la mtu mmoja.

Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, karibu na maghala ya wafanyabiashara wa kigeni yaliyokuwa ukingoni mwa Mto wa Lulu, alikuwako mchoraji aliyeitwa Guan Qiaochang. Wageni walimjua kwa jina la Lamqua. Alichora sura za watu kwa rangi za mafuta, kwa mtindo wa Ulaya, kwa bei ambayo mabaharia na wafanyabiashara waliimudu. Katika karakana yake walikuwamo wachoraji wengine waliotoa nakala za picha kwa ajili ya wateja. Makao ya George Chinnery, mchoraji wa Kiingereza aliyehamia Macau mwaka 1825, hayakuwa mbali. Ilisemwa kwamba Lamqua alijifunza kwake, Chinnery akakana. Huenda ugomvi huo ulikuwa wa wateja kuliko wa heshima, kwa sababu Lamqua alitoza bei ndogo. Lakini namna ulivyohifadhiwa katika historia inafundisha. Kwa miaka mingi swali kuu kuhusu Lamqua lilikuwa: je, alimwiga Chinnery? Mara chache liliulizwa swali la upande wa pili, kwamba Chinnery mwenyewe alimfuata nani. Naye alifunzwa katika shule ya Royal Academy ya London, mahali ambapo kunakili kazi za mabingwa kulihesabiwa kuwa elimu.

Hapo ndipo panapoonekana udhaifu wa hoja inayopendwa na wengi, kwamba kuiga ni tabia ya Wachina na ubunifu ni tabia ya watu wa Magharibi. Ni kweli kwamba Kongfuzi alijieleza kuwa mpitishaji wa mambo ya kale kuliko mwanzilishi wa mambo mapya, na kwamba Xie He, aliyeandika kanuni sita za uchoraji karne nyingi zilizopita, aliifanya ya sita kuwa kupokeza mifano kwa kuinakili. Lakini wachoraji wa Paris walijipanga ndani ya Louvre wakinakili picha za waliowatangulia, na hakuna malenga wa pwani aliyejua mizani na vina bila kwanza kughani tungo za wengine. Kila utamaduni umefundisha kwa kunakili. Tofauti iko kwa nani alipewa muda wa kusahauliwa deni lake.

Kazi iliyomhifadhi Lamqua ni ile ambayo ilikuwa mbali kabisa na soko la nakala. Mwaka 1835 daktari mmisionari wa Kimarekani, Peter Parker, alifungua hospitali Canton. Walimjia watu wenye uvimbe mkubwa wa miaka mingi, na Lamqua akawachora. Picha zaidi ya 80 kati ya hizo zimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Yale. Shabaha yake ilikuwa ya kitabibu: kuonyesha ugonjwa. Parker alizitumia pia kuomba msaada wa fedha alipokwenda nje ya China. Hata hivyo mtazamaji wa leo hukuta ndani yake jambo ambalo halikuagizwa. Wagonjwa wengi wana nyuso tulivu, macho yakimkabili anayewatazama, mavazi yamepangwa vizuri. Uvimbe umechorwa kwa uaminifu wote, lakini haujamla mwenye nao. Lamqua alichukua mtindo wa picha za matajiri, mtindo ambao wengine walimwambia ameuiga, akauhamishia kwa watu ambao hakuna mchoraji wa mtindo huo aliyekuwa akiwafikiria. Shanga zilikuwa za wengine, na kazi yenyewe iliagizwa. Utungo ulikuwa wake.

Mfano huu una uzito zaidi ukiwekwa karibu na utafiti kuhusu kazi za kuagizwa. Katika miaka ya 1990, mwanasaikolojia Teresa Amabile na wenzake walikusanya kazi za wasanii, nyingine zikiwa zimeagizwa na wateja na nyingine zikiwa zimefanywa kwa hiari, kisha wakawapa wataalamu wazikadirie bila kujua ipi ni ipi. Kwa ustadi wa mkono hazikuachana. Kwa ubunifu, zilizoagizwa zilipata alama za chini. Lakini matokeo hayo yalikuwa na nyongeza muhimu: kilichohusiana na kushuka kwa ubunifu ni kiasi ambacho msanii alijiona amefungwa na agizo. Pale agizo lilipompa nafasi ya kufanya jambo alilokuwa akilitamani, halikuwa pingu. Kwa maneno mengine, swali la kimaadili kuhusu karakana na kiwanda si kama mtu anafanya kazi kwa mfano aliopewa. Swali ni kama ndani ya mfano huo ameachiwa hata inchi moja ya kujibu.

Inchi hiyo ndiyo inayotafutwa pia na madalali wa Xiaobei. Mwaka 2009 watafiti William Maddux na Adam Galinsky walichapisha uchunguzi kuhusu watu waliowahi kuishi nchi za nje. Walitumia fumbo la zamani la Karl Duncker: mtu hupewa mshumaa, njiti za kibiriti na boksi la pini, akaambiwa aubandike mshumaa ukutani pasipo nta yake kudondoka chini. Ufumbuzi ni kulitoa boksi katika kazi yake ya kubeba pini, kulibana ukutani na kulifanya rafu. Waliokuwa wameishi ugenini kwa muda mrefu walielekea kulifumbua fumbo hilo zaidi. Waliosafiri tu kama wapitaji hawakuonyesha faida hiyo, na jambo lililoonekana kuwa na nguvu ni kiasi mtu alivyojirekebisha afuate maisha ya wenyeji. Boksi lililokuwa rafu ni ndugu wa bakuli lililokuwa pambo la kaburi. Na mtu aliyekaa Guangzhou miaka kumi, akajua neno gani la Kichina litamfanya fundi alegeze utaratibu wake na pindo gani litamfanya mama wa Tanga afungue pochi, anafanya kazi ya kutunga kila siku, ingawa hakuna jarida la sanaa litakalomtaja.

Haya yote yanaweza kusikika kama utetezi wa kila anayenakili. Sivyo, kwa sababu kuna watu wanaoumizwa na nakala, na kanga ni mahali pazuri pa kuliona jeraha hilo.

Kwa mujibu wa simulizi iliyoenea, kanga ilianza katika karne ya 19 pale wanawake wa pwani walipoacha kununua leso moja moja, wakanunua zilizoungana na kuzishona pamoja ziwe vazi. Leso zilitoka ng'ambo na jina lake ni la Kireno. Uamuzi wa kuzishona ulikuwa wa wanawake hao. Wafanyabiashara waliuona upesi, wakaagiza vitambaa vilivyochapishwa tayari kwa umbo hilo. Mombasa, duka la Kaderdina Hajee Essak lilianza mwaka 1887, na alama yake ya Mali ya Abdulla imeonekana pembeni mwa kanga kwa vizazi. Baadaye yakaongezwa maneno, kwanza kwa hati za Kiarabu kisha kwa hati za Kilatini, na kanga ikawa na pindo, mji na jina. Ilichapishwa India, Ulaya na Japani. Mwaka 1968 kiwanda cha Urafiki kilifunguliwa Dar es Salaam kwa msaada wa China, na kwa muda maelfu ya watu walipata riziki kwa kusokota, kufuma na kutia rangi nguo zilizovaliwa na jirani zao. Leo kanga nyingi zinazouzwa sokoni zimechapishwa India na China, na viwanda vya nguo vya Afrika Mashariki vimepoteza sehemu kubwa ya nguvu zao.

Lalamiko basi linaeleweka. Mchoraji wa mitindo ya kanga akikuta mchoro wake sokoni kwa nusu ya bei, kwenye kitambaa chepesi kinachopauka baada ya kufuliwa mara chache, hataliwazwa na Boden wala Csikszentmihalyi. Amepoteza mshahara. Mfanyakazi wa kiwanda amepoteza kazi. Hasara hizo ni za kweli, na falsafa inayozipuuza haifai kusomwa.

Lakini lalamiko hilo likichunguzwa, lina jambo la kusumbua ndani yake. Pembeni mwa kanga pameandikwa jina la mwenye duka. Jina la aliyechora maua halipo. Jina la aliyetunga maneno halipo, ingawa maneno hayo ndiyo yanayoifanya kanga inunuliwe, ipelekwe kwa jirani kama kijembe, ifunikwe juu ya bibi harusi, itandazwe juu ya maiti. Mara nyingi maneno yalitoka katika methali, katika tarabu na katika vinywa vya wateja wenyewe. Kwa hiyo sampuli iliyofika Guangzhou ilikwisha kunyang'anywa watunzi wake kabla ya kupanda ndege. Aliyeinakili huko hakufuta jina, kwa kuwa hapakuwa na jina la kufuta. Sheria za hakimiliki, ya Tanzania Bara ya mwaka 1999 na ya Zanzibar ya mwaka 2003, zinamtafuta kwanza mtunzi anayeweza kutajwa. Kanga iliyozoea kumtaja mwenye mali badala ya mtunzi hufika mbele ya sheria kama yatima.

Hapa ndipo utamaduni wa pwani unapoweza kutoa kigezo ambacho maabara haijakitoa. Katika kujibizana kwa malenga, kama kulikoendelea kati ya Mombasa ya Muyaka bin Haji na watunzi wa Lamu, mshairi hupokea shairi la mpinzani, hushika mizani ile ile, mara nyingine na vina vile vile, hata hukamata neno lake na kulipindua. Kwa kipimo cha juu juu, huo ni wizi mtupu. Kwa watu wanaosikiliza, huo ndio ustadi wenyewe. Kinachouhalalisha ni kwamba jibu haliwezi kueleweka isipokuwa aliyejibiwa naye amesikika. Shairi la pili hulifanya la kwanza likumbukwe. Anayejibu amechukua shanga za mwenzake mchana, mbele ya baraza, na mwenzake bado ana nafasi ya kuzungumza kesho.

Basi kuna kuiga kunakojibu na kuna kuiga kunakonyamazisha. Kuiga kunakojibu huchukua, hubadilisha, na humwacha aliyechukuliwa akiwa na sauti. Kuiga kunakonyamazisha huchukua kwa namna ambayo mwenye chanzo hawezi tena kusikika, ama kwa sababu jina lake limefichwa, ama kwa sababu bei ya nakala imemfukuza katika baraza. Kigezo hiki hakiangalii kiasi cha kufanana. Nakala inayofanana kabisa inaweza kuwa ya haki, kama ile ya mwanafunzi anayejifunza. Kazi isiyofanana sana inaweza kuwa dhuluma, kama ile ya mwenye nguvu anayechukua wazo la mnyonge, akalipaka rangi nyingine na kujiita mwanzilishi.

Dar es Salaam ina mfano wa kuiga kulikojibu. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora mwishoni mwa miaka ya 1960, akitumia mbao laini za kiwandani na rangi za kung'aa, akafariki mwaka 1972. Aliowafundisha waliendelea kuchora wanyama na ndege kwa namna yake, na waliofundishwa na hao wakaendelea. Kila mchoraji hutia sahihi yake mwenyewe, na mtindo wote huitwa kwa jina la mwalimu. Mtalii anayelalamika kwamba picha za Tingatinga zinafanana hajaona kwamba deni limeandikwa juu ya kila moja. Baadhi ya wachoraji wamevuka mipaka ya mwalimu wao. Wengine wamebaki wakirudia. Wote wawili wanajulikana walikotoka.

Anaweza kusimama mtu akapinga: kutajwa jina hakujazi tumbo. Mchoraji wa kanga hataki heshima, anataka alipwe. Pingamizi hili lina nguvu, na sehemu yake haina jibu ndani ya falsafa. Ni kazi ya sera za viwanda, ushuru na mikataba. Lakini lina upungufu mmoja. Malipo huanza na kutajwa. Hakuna mtu anayeweza kulipwa kwa mchoro ambao hata mnunuzi wa mtaani anaamini umejichora wenyewe. Walinzi wa mlango walioelezwa na Csikszentmihalyi hawako London na Beijing tu. Wako pia katika maduka ya Mombasa na Unguja, na ni wao waliozoea kwa zaidi ya karne moja kupokea tungo za wanawake na mafundi bila kuuliza ni za nani.

Pingamizi la pili ni gumu zaidi. Huenda ubunifu wa pamoja, kama wa kanga na methali, ulistawi kwa sababu haukuwa na mwenyewe. Kumtafuta mtunzi mmoja wa kila jina la kanga ni kuweka ua katika shamba la kijiji. Jambo hili ni kweli kwa maneno ambayo yamekwisha kuwa ya wote. Hata hivyo, shamba la kijiji nalo lina wanakijiji. Kutokuwa na mwenyewe mmoja si sawa na kuwa halali kwa yeyote aliye na mashine. Pale ambapo mtunzi hatajiki, jamii inaweza kutajwa. Na pale ambapo mchoraji yu hai, ana anwani na ana njaa, kisingizio cha upamoja hakimsaidii yeyote ila mwenye duka.

Sayansi ya ubunifu imefanya kazi kubwa ya kumwondolea mbunifu sura ya nabii anayepokea kutoka mbinguni. Imeonyesha kwamba mawazo mapya hutungwa kwa mawazo ya zamani, kwamba mazingira huyafungua au huyafunga, na kwamba jamii ndiyo inayoamua lipi liitwe jipya. Lugha ya Kiswahili ilikuwa inayajua hayo kwa njia yake. Kilichobaki ni wajibu unaotokana nayo. Aliyekubali kwamba shanga zake zimetoka kwa wengine amekubali pia kwamba anadaiwa. Deni hilo linamhusu mwenye kiwanda wa Guangzhou anayepokea sampuli bila kuuliza, linamhusu mfanyabiashara wa Kariakoo aliyeipeleka, na linamhusu mnunuzi anayesifu pindo na kupunguza bei.

Jambo dogo linawezekana hata kabla ya sheria na mikataba. Pembeni mwa kanga, karibu na jina la mwenye mali, kuna nafasi. Imekuwapo tangu siku za Mali ya Abdulla, na mashine ya kuchapisha, iwe ya Dar es Salaam au ya China, haihitaji fedha za ziada kuchapisha hapo maneno mawili zaidi: jina la aliyechora. Inatosha sampuli iwe nayo siku itakapofunguliwa juu ya meza ya fundi.